Tranka Tulilolifungua Mwenyewe Hayupo

Ninyi mnaoajiriwa leo kulea mabweni ya vyuo, nanyi mnaolala humo, ninaandika haya nikiwa na hasira, na sijaona sababu ya kuificha. Nimesubiri miaka miwili tangu nistaafu nikidhani itapungua. Haikupungua. Wenzangu wakistaafu husimulia miti waliyoipanda na wanafunzi wao waliokuja kuwa wakubwa. Nami ninayo ya aina hiyo, lakini kila ninaposhika kalamu linalotangulia ni tranka la bati, la bluu, lililokuwa chini ya kitanda katika chumba namba kumi na moja, na mimi nimepiga magoti mbele yake nikiwa na funguo zisizo zangu.

Nilikuwa matroni wa bweni la wasichana katika chuo kimoja cha hapa Kigoma kwa miaka kumi na tisa. Nilikuja kutoka Singida nikiwa na shahada ya sosholojia na kiburi chake. Sitakitaja chuo, kwa sababu vyuo vinavyofanya tulivyofanya ni vingi, na kukitaja kimoja ni kuviacha vingine vilale usingizi. Msichana mwenye tranka nitamwita Asteria. Si jina lake. Leo ni mtu mzima mwenye kazi yake, na nimemwomba ruhusa kabla ya kuandika neno la kwanza. Kuomba ruhusa ndilo jambo nililochelewa sana kujifunza.

Aliyenipokea kazini alikuwa Bi Mwamvua, Mmanyema wa Ujiji, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuita mtu aliye ng'ambo ya bonde. Hakuwa na shahada. Alikuwa amelea bweni lile tangu lilipokuwa na vyumba vinane na bomba moja la maji. Wiki ya kwanza alinizungusha vyumbani, na katika kila mlango alifanya jambo lile lile: aligonga, akataja jina lake na shida iliyomleta, kisha akaugeuzia mlango mgongo, akasimama akitazama ukuta wa pili mpaka wenye chumba wamefungua. Nilimwuliza kwa nini anageuka kama mtu aliyefukuzwa.

"Mwanangu, wakifungua hawajajisitiri, wakutane na kisogo," alisema. "Kisogo hakina macho."

Nilicheka. Kichwani mwangu nilikuwa na mihadhara ya udhibiti na nidhamu, naye ananifundisha habari za kisogo.

Hita za kuchemshia maji zilikuwa zimepigwa marufuku, na kwa haki, kwa kuwa nyaya za jengo lile zilikuwa za zamani na soketi zilinuka moto. Bi Mwamvua hakuwahi kupekua chumba akitafuta hita. Alikaa kwenye kiti chake koridoni na kutazama taa ya dari. Ikififia mara moja alijua kuna aliyechomeka, na kwa kuangalia ni upande gani ulififia zaidi alijua ni vyumba vipi vitatu au vinne. Kisha alisimama na kutangaza kwa ile sauti yake kwamba anakwenda kunywa chai, na akirudi atapita kusalimia. Akirudi, hita zilikuwa zimekwisha kusalimishwa mezani pake, zimefungwa kwenye kanga, na hakuna aliyeona aibu. Alizihifadhi stoo na kumrudishia kila mtu siku ya kufunga chuo. Mara moja alisalimishiwa hita na samaki wa kukaanga juu yake, mgebuka mzima, kama fidia. Alikula. Nilimwona ni mlegevu, na alipostaafu nilijiambia kwamba sasa bweni litapata utaratibu.

Utaratibu wangu ulikuwa huu, na ninauandika kwa ukamilifu ili msiurudie.

Milango ya vyumba haikuwa na vitasa vinavyofanya kazi. Vilikufa kimoja kimoja, na uongozi ukapigilia makomeo. Kila chumba kilijinunulia kufuli: moja kubwa, nyingine ndogo kama ya sanduku la sadaka, nyingine imetoka nyumbani na kutu yake. Msichana akipoteza ufunguo, tulilazimika kukata komeo kwa msumeno. Hilo lilinichosha. Basi mwaka mmoja, wanafunzi walipofika, niliagiza kwamba vyumba vyote vitumie kufuli za aina moja, kutoka duka moja la mjini nililolichagua mwenyewe. Atakayetaka kufuli la tranka achukue la aina na ukubwa huo huo. Ufunguo mmoja ubaki kwa wenye chumba, na wa akiba uletwe kwangu. Nilitengeneza ubao, nikaupaka rangi ya krimu, nikapigilia misumari midogo, nikaandika namba ya chumba juu ya kila msumari kwa mwandiko mzuri. Ubao ule niliutundika ofisini kwangu, ukutani, mkabala wa mlango. Mgeni yeyote aliyekuja kuulizia binti yake aliuona kabla hajaniona mimi.

Mkuu wa Chuo aliusifu kwenye kikao cha wafanyakazi, na niliona fahari. Hakuna aliyeniuliza swali ambalo fundi kufuli yeyote wa pale sokoni angeliuliza: kufuli za bei nafuu zilizotoka kwenye katoni moja zina funguo ngapi tofauti? Nawajibu leo bure: chache. Kiwanda hutengeneza michongo michache na kuirudia. Ukinunua kufuli moja, uko salama kiasi. Ukinunua kufuli za bweni zima kutoka katoni moja, umegawa funguo za vyumba kwa watu usiowajua.

Na dalili niliiona. Mwanafunzi mmoja wa mwaka wa kwanza, mnene, mcheshi, alirudi kutoka maabara amechoka, akafungua mlango kwa ufunguo wake mwenyewe, akaketi kitandani, akavua viatu na kuanza kula ndizi iliyokuwa mezani. Wenye chumba wakaingia wakamkuta. Hakikuwa chumba chake. Chake kilikuwa cha pili yake. Koridoni walicheka mpaka wakakaa chini. Wakambandika jina la Mgeni Rasmi, na jina likamkaa mpaka alipohitimu. Mzee Rajabu, mlinzi wetu wa mchana, aliniletea habari ile akiwa haachi kutikisa kichwa.

"Matroni, ufunguo wa huyu mtoto umefungua kwa jirani," alisema. "Mimi hapo ningekuwa na wasiwasi."

Nami nilimwambia kwamba bila shaka mlango ulikuwa wazi. Nilicheka na wengine. Hii ndiyo sehemu ya kwanza ya hasira yangu, na inanihusu mimi peke yangu.

Muhula uliofuata simu zikaanza kupotea. Kwanza moja, kisha mbili, kisha kompyuta mpakato ya msichana aliyekuwa akiandika ripoti yake ya mwisho. Hakuna komeo lililovunjwa, hakuna dirisha lililokwanguliwa. Wenye chumba waliondoka wamefunga, wakarudi wakakuta kumefungwa, na kitu hakipo. Kwa kuwa hapakuwa na uvunjaji, uongozi uliamua kwamba mwizi ni mmoja wao, na wasichana wakaanza kutazamana vibaya. Walioishi chumba kimoja kwa miaka miwili waligawana kabati kwa kamba.

Mlezi wa Wanafunzi alikuwa mtu wa mikoa ya kusini, mpya kwetu, mwenye suti na haraka. Sitamtaja naye, ingawa yeye nisingemwonea. Aliniita, akaniambia kwamba kesho yake asubuhi, wanafunzi wakiwa darasani, tutafanya upekuzi wa bweni zima, vyumba, makabati na matranka. Nilimwuliza kama tusingewaita wenyewe wawepo. Akasema tukiwaita watatoa taarifa wao kwa wao, na vitu vitahama. Jibu hilo lilinitosha. Nawaambieni kwa uchungu kwamba jibu la namna hiyo hututosha upesi sana, sisi tuliosoma.

Saa nne asubuhi tuliingia: Mlezi, mimi na Mzee Rajabu. Tulipofika chumba cha tatu Mzee Rajabu alisema ana miadi na mgongo wake, akarudi getini. Baadaye nilielewa kwamba mgongo wake ulikuwa mzima.

Kupekua chumba cha mtu ni kazi inayokufundisha mambo usiyotaka kuyajua. Tulikuta dagaa wakavu wamefungwa kwenye gazeti chini ya godoro, kwa sababu chuo kilikataza chakula chumbani na chakula cha bwalo hakiliki. Tulikuta vitambaa vya hedhi vilivyofuliwa na kuanikwa nyuma ya pazia kwa kuwa kamba za nje zilitazamana na njia ya wavulana. Tulikuta barua. Tulikuta daftari ambalo msichana aliandika kila siku kwamba hatakata tamaa, kila siku sentensi ile ile. Mlezi alisoma kwa sauti, akafunga, akalirudisha. Simu iliyoibwa hatukuikuta hata moja.

Tulifika chumba namba kumi na moja. Wenye chumba walikuwa watatu, na matranka mawili yalifunguka kwa kuinua kifuniko tu. La tatu, la bluu, lilikuwa na kufuli. Sikuwa na ufunguo wa kufuli lile, maana ubao wangu ulikuwa wa funguo za milango tu. Mlezi akaninyang'anya shada la funguo mkononi, akajaribu mmoja, wa pili, wa tatu. Ufunguo wa akiba wa chumba namba tatu ukazunguka, na kufuli likafunguka.

"Tumebahatika," alisema.

Hebu someni tena hapo. Ufunguo wa chumba kingine, uliotundikwa ukutani mwangu, ulifungua tranka la msichana asiyehusika nacho. Siri yote ya wizi ule ilikuwa imelala kiganjani mwangu, imefunguka mbele ya macho yangu, nami nikapiga magoti nikaanza kutoa nguo.

Ndani mlikuwa na vitenge viwili, madaftari, Biblia ndogo, na chini kabisa bahasha ya kaki. Ndani ya bahasha mlikuwa na kadi ya mgao ya kambi ya wakimbizi, ya miaka mingi iliyopita, imefifia, imetobolewa matundu pembeni, tundu moja kwa kila mara mwenye kadi alipopokea unga na maharage. Ilikuwa na jina la mwanamke. Kwa asiyeijua Kigoma, naomba aelewe uzito wa karatasi ile. Sisi tunaishi na mpaka. Watu wamevuka ziwa na milima kwa vizazi, wakaoana, wakazikana. Na bado, mtu akitaka kukumaliza hapa, hahitaji kukuita mwizi. Anakuita Mrundi, anaondoka, na wewe unabaki unatafuta vyeti vya babu yako.

Mlezi akatoa simu yake na kuipiga kadi picha. Kwa kumbukumbu, alisema. Picha akaituma kwenye kundi la WhatsApp la wafanyakazi, akaandika chini yake namba ya chumba. Wafanyakazi wana watoto, wana wapwa, wana marafiki darasani. Kabla ya chakula cha mchana picha ilikuwa kwenye simu za wanafunzi, na Asteria alijua kwamba tranka lake limefunguliwa kwa kuona kadi ya ndani ya bahasha yake kwenye simu ya jirani yake wa meza, mhadhiri akiwa bado anafundisha.

Tulikuwa tumetafuta simu tukapata kadi, na kwa kuwa lazima kitu kipatikane, kadi ikawa ndicho tulichokuwa tunatafuta. Barua ya Mlezi ilitoka siku ile ile. Ilisema kwamba mwanafunzi tajwa amekutwa na nyaraka zinazotia shaka uraia wake, na kwamba kutokana na wimbi la wizi, ataondoka bwenini na hataruhusiwa kufanya mitihani mpaka athibitishe. Uraia na wizi katika sentensi moja, vimeunganishwa kwa koma. Mitihani ilikuwa imebakiza siku tisa. Mtu akikosa mitihani ile alirudia mwaka, na Asteria hakuwa na wa kumlipia mwaka mwingine.

Alikuja ofisini kwangu asubuhi iliyofuata, amebeba godoro limekunjwa na tranka lake kichwani. Alikuwa msichana mrefu, mpole wa sauti, mzaliwa wa vijiji vya Kasulu. Alilitua tranka sakafuni, akapiga goti kidogo kama walivyofundishwa kwao.

"Shikamoo, Mama."

Hebu fikirini, amenisalimu yeye. Nilianza kumweleza kwamba yalikuwa maagizo, kwamba nilitaka waitwe, kwamba mimi binafsi... Alinisubiri mpaka nikaishiwa maneno.

"Mama, mimi huweka kitenge cha bluu juu na madaftari chini," alisema. "Ninyi mliweka madaftari juu. Ungeniita tu. Ningekuja, ningelifungua mbele yako, ningekueleza kila kitu kilichomo. Kwani mimi ningekukatalia?"

Kisha akauliza kama anaweza kurudishiwa kadi. Nikamwambia iko kwenye jalada la Mlezi. Akasema, kwa Kiswahili kile cha kwao kinachopanda na kushuka kama njia ya mlimani, kwamba picha wamekwisha kuiona wote, lakini ile karatasi yenyewe hana nyingine. Kisha akalibeba tranka lake akaenda kwa mama yake mdogo, mtaa wa Gungu.

Siku ile sikufanya kazi. Nilikaa nikiutazama ubao wangu wa rangi ya krimu. Ndipo mkono wangu ulipokumbuka kabla ya akili: ufunguo wa namba tatu, tranka la namba kumi na moja. Nikasimama, nikauchukua ufunguo wa namba tatu, nikatoka koridoni. Niliujaribu kwenye milango iliyokuwa imefungwa. Namba saba ukafungua. Namba kumi na nne ukafungua. Nilifunga tena kila mlango bila kuingia, nikasimama na kuugeuzia mgongo kila mmoja. Mtu yeyote aliyelala bwenini mwangu, mtu yeyote aliyewahi kununua kufuli kwenye duka lile, alikuwa anaweza kuingia kokote. Hapakuwa na haja ya mwizi hodari. Matroni alikuwa amemaliza kazi.

Kamati ya Nidhamu ilikaa siku nne baadaye, mwenyekiti akiwa Mkuu wa Chuo mwenyewe, mama mtu mzima asiyependa maneno mengi. Asteria aliwekwa kwenye benchi nje. Mimi niliitwa kuwa shahidi, na nilikuwa nimepewa karatasi tayari imechapwa, isemayo kwamba upekuzi ulifanyika kwa ridhaa. Ilibaki sahihi yangu. Niliingia nimebeba beseni la plastiki lililofunikwa kanga. Usiku wa kuamkia siku ile nilikuwa nimewaomba wasichana kufuli zao, chumba kwa chumba, nikigonga, nikijitaja na kugeuka. Wakanipa kumi na mbili.

"Matroni, tuko kwenye kikao," alisema Mlezi. "Hatuko gulioni."

Wajumbe wakacheka. Nilifunua beseni mbele ya Mkuu, nikamkabidhi ufunguo mmoja, nikamwomba ajaribu mwenyewe. Alinitazama kwanza juu ya miwani. Kufuli la kwanza lilikataa. La pili likakataa, na Mlezi akavuta pumzi ya mtu anayevumilia. La tatu lilifunguka. Mkuu akasita, akaliweka kando, akaendelea bila kuambiwa. Alipomaliza, kufuli tano zilikuwa zimefunguka mezani pake, na hakuna aliyekuwa akicheka isipokuwa mwakilishi wa wanafunzi, ambaye alicheka mara moja kwa woga, kisha akafunika mdomo.

Niliwaambia kwamba duka nililichagua mimi, na ubao niliutundika mimi, na kama wanatafuta aliyefungua vyumba vya wasichana basi waandike jina langu. Niliwaambia kwamba tranka la Asteria tulilifungua kwa ufunguo wa chumba kingine, mwenyewe akiwa darasani, na kwamba tulichokitoa humo hakina simu wala kompyuta.

"Alisaini fomu ya kukubali ukaguzi," alisema Mlezi. "Fomu ipo."

"Alisaini siku ya kupewa godoro," nilimjibu. "Asiyesaini hapewi godoro. Hiyo, mzee, ridhaa yake ni ya godoro."

Akasema tunapoteza muda, kwamba suala si tranka bali ni kadi. Ndipo nilipomwomba Mkuu alifungue jalada la udahili la Asteria, ambalo lilikuwa kwenye kabati nyuma ya kiti chake, mkono ukinyooshwa unafika. Akalifungua. Cheti cha kuzaliwa cha msichana yule kilikuwa cha tatu kutoka juu, kimepigwa muhuri wetu wa kupokelewa, kimekaa humo tangu siku aliyofika chuoni. Kwa siku tano tulikuwa tumemfukuza mtu akatafute karatasi tuliyoikalia sisi.

Mkuu alikisoma pande zote mbili. Akanirudishia karatasi yangu ya ushahidi, ikiwa haijasainiwa, na kusema kwamba haihitajiki tena. Akamwambia Mlezi aitoe kadi kwenye jalada lake. Mlezi akauliza kama ni lazima aitoe mbele ya kikao.

"Uliipiga picha mbele ya mji," alisema Mkuu. "Itoe."

Asteria alifanya mitihani yake yote na akahitimu mwaka uliofuata. Mtasema basi mambo yaliisha vizuri, na hapo mtanikasirisha zaidi. Hakurudi bwenini. Alikaa Gungu mpaka mwisho, akija na bodaboda asubuhi na kurudi jioni. Darasani aliketi peke yake, kwa sababu walioionea picha huruma walimtazama sana, na walioipenda picha walimtazama zaidi. Chuo hakikumwandikia barua ya kumwomba radhi; kilimwandikia ya kumruhusu kufanya mitihani, kana kwamba ni hisani. Picha haikufutika. Mlezi alihamishwa miaka miwili baadaye kwa kupandishwa cheo. Mwizi wa simu hajajulikana hata leo, na sidhani kama kuna aliyeendelea kumtafuta.

Mimi nilibaki miaka minne zaidi, na nilibaki kwa hasira. Ubao niliushusha siku ile ile ya kikao nikaupasua kuni. Nilidai vitasa mpaka wakachoka kuniona, wakaweka. Kama hamna vitasa, kila chumba kinunue kufuli lake mahali pake, na ufunguo wa akiba ukae kwenye bahasha iliyogundishwa na kusainiwa na wenye chumba juu ya gundi, ndani ya kabati linalofungwa. Kabla ya kuamini kufuli, chukueni ufunguo wake mkaujaribu kwenye jingine la duka hilo hilo. Mwenye duka akikataa, hilo nalo ni jibu. Nilibandua kwenye ubao wa matangazo orodha ya vyumba yenye majina na namba za simu za wasichana, ambayo kwa miaka yote ile mtu yeyote aliyepita aliweza kuinakili, na waliopigiwa simu na wanaume wasiowajua tuliwaambia wabadilishe laini. Nilihamisha kamba za nguo. Upekuzi wowote, mwenye kitu awepo, afungue kwa mkono wake, na simu za wapekuzi zibaki mezani kwangu. Na nilianza kugeuza kisogo, nimechelewa miaka kumi na mitano.

Watawaambieni kwamba usalama na faragha ni mizani, ukiongeza huku unapunguza kule. Si kweli, angalau haikuwa kweli bwenini kwangu. Mkono ule ule uliomwondolea Asteria faragha ndio uliompa mwizi mlango. Anayewaambia mchague kimojawapo mara nyingi hana nia ya kuwapa hata kimoja.

Mwezi uliopita nilikuwa Kibirizi asubuhi, nachagua dagaa, nikakutana na mwenzangu tuliyefanya naye kazi chuoni. Tukasalimiana vizuri, tukaulizana habari za magoti na wajukuu. Kisha akasogea, akapunguza sauti, akaniuliza: hivi ile kadi, mwisho wa yote, ilikuwa ya nani? Ya mama yake mzazi, au? Akasema yamekwisha kupita, hakuna ubaya kujua.

Ninajua ilikuwa ya nani. Asteria aliniambia siku aliyokuja kuichukua, tukiwa wawili, mlango umefungwa, na aliniambia kwa kutaka kwake. Nilimwambia mwenzangu kwamba sikumbuki, nikaona usoni pake kwamba haamini, nikalipia dagaa wangu nikaondoka.

Nawe uliyesoma mpaka hapa ukisubiri nikuambie, sikuambii. Na kama umeona nimekunyima kitu kilicho haki yako, basi kazi hii ya mabweni usiiombe.